Mtungi wa Mwanamke Msamaria

Somo: Yohana 4:5–26



Padre amewataka wazee wa kanisa waandike kwa zamu katika gazeti hili la parokia, na zamu ya Kwaresima imetuangukia sisi mwalimu mstaafu. Tulikuwa tumekusudia kuandika habari za malezi ya vijana, maana hayo ndiyo watu huyatazamia kutoka kwa mwalimu. Lakini tangu maziko yale ya mwezi Oktoba kalamu yetu haikubali kuandika neno jingine. Wengi wenu mlikuwapo. Wasiokuwapo wamesimuliwa, na kwa jinsi tuijuavyo Mkumbara, wamesimuliwa na zaidi. Basi na tuseme ilivyokuwa.

Bibi yetu mmoja, Mkristo wa siku nyingi, asiyekosa kupokea Ekaristi ila alipokuwa mgonjwa, alifariki. Binti yake, ambaye tulimfundisha sisi wenyewe darasa la nne, aliondoka kanisani kwetu miaka mitatu iliyopita akaenda kwa ndugu zetu Wapentekoste wanaosali ng'ambo ya reli. Kabla ya kuondoka alisimama katika mkutano wa akina mama akasema mbele ya wote kwamba kuwaombea wafu ni kazi bure, kwamba ubani na mishumaa ni mambo ya kipagani, na kwamba sisi tunaopiga magoti mbele ya sanamu ya Mama wa Bwana hatujaokoka. Yalikuwa maneno makali. Mama yake alikuwa amekaa benchi la mbele, akayasikia yote.

Sasa msiba ulipotokea, mwenye msiba alikuwa yeye, hapakuwa na mwingine. Akasema mchungaji wake ndiye atakayeongoza ibada, na mishumaa isiwashwe. Sisi wazee wa kanisa tukakutana chini ya mwembe, tukasema: bibi huyu ni wetu, alibatizwa kwetu, alipakwa mafuta kwetu, kama hazikwi kwa taratibu za Kanisa, basi mikono yetu haimo. Na kweli haikuwamo. Asubuhi ya maziko hakuna kijana wetu hata mmoja aliyekwenda na jembe. Kaburi lilichimbwa na vijana wanane wa msikitini. Mzee mmoja Mwislamu alipita mbele yetu na chepe begani, akatusalimu, na tulipoanza kumweleza habari ya ugomvi wetu akasema, "Mwalimu, marehemu alikuwa jirani yangu. Mambo yenu ya mishumaa mtayamaliza wenyewe." Akaendelea na safari yake.

Ndugu wapenzi, tuupime umbali. Mzee yule haamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, wala kwamba alikufa msalabani. Kati yake na sisi kuna tofauti kubwa kuliko ile iliyoko kati yetu na binti yule, ambaye anamkiri Kristo yuleyule. Hata hivyo aliyekuwa mbali ndiye aliyeshika chepe, na tuliokuwa karibu tulishika taratibu.

Lakini kosa letu halikuanzia makaburini. Lilianza miaka mitatu nyuma, siku ile katika mkutano wa akina mama. Binti yule alisema mambo matatu ambayo mtu mwenye akili angeweza kuyajibu moja moja. Sisi tulimjibu lipi? Hatukumjibu hata moja. Tulianza kuchunguza yeye ni nani. Mmoja akasema mumewe amemkimbia ndiyo maana anatafuta faraja. Mwingine akasema amefuata misaada inayogawiwa kule. Wa tatu akasema anatafuta cheo alichokikosa kwetu. Nasi tunaoandika haya (maana katika "sisi" hii mwandishi hana ruhusa ya kujificha nyuma ya wenzake) tulisema katika kikao cha wazee kwamba mtoto huyu tangu darasa la nne alikuwa bendera fuata upepo. Neno lile likatembea. Neno la mwalimu hutembea upesi kuliko la mtu mwingine, kwa kuwa watu hudhani mwalimu alilipima kwanza. Kabla ya Jumapili kwisha lilikuwa limekwisha kuvuka reli.

Mtu anayetaka kunyamazisha mazungumzo ya namna hii hukimbilia Mathayo sura ya 7, mstari wa kwanza, pale Bwana anapotukataza kuhukumu. Hulitumia neno hilo mlevi akionywa, na mla rushwa pia, na kila asiyetaka jambo lake liguswe. Lakini someni sura hiyohiyo mpaka chini. Kufika mstari wa 15 Bwana anatuonya tujihadhari na manabii wa uongo, na anatuambia watatambulikana kwa matunda yao. Sasa mtu atalitambuaje tunda baya kama amekatazwa kusema kwamba tunda hili ni baya? Bwana yuleyule, katika mahubiri yaleyale, anatukataza kuhukumu na anatuamuru kupambanua. Kwa hiyo ni mambo mawili, na ni lazima tujue mpaka wake uko wapi.

Sisi mpaka huo tulifundishwa katika chuo cha ualimu, tena kwa aibu. Ilikuwa mwaka 1981, wakati wa mazoezi ya kufundisha. Tulipewa darasa la tano, hesabu za kugawanya. Tulisahihisha madaftari usiku kwa taa ya chemli, na katika daftari la mtoto mmoja aliyekosa hesabu zote kumi tuliandika kwa wino mwekundu: Mzembe. Asubuhi mkufunzi wetu akaja kukagua. Akalichukua daftari lile, akatuuliza, "Huyu amekosea hatua ya ngapi?" Hatukujua. Tulikuwa tumetazama majibu tu mwisho wa ukurasa. Akatupa chaki, akatutaka tuifanye hesabu ile ubaoni wenyewe mbele ya wenzetu, nasi kwenye hatua ya tatu tukababaika. Akasema maneno ambayo hatukuyasahau: ukitaka kuweka alama ya kosa kando ya hesabu ya mtoto, ni lazima uijue hesabu, lakini ukitaka kumwita mzembe, huhitaji kujua chochote.

Tumeyakumbuka maneno hayo mara nyingi tangu Oktoba. Watu hudhani kumhukumu mtu ni ukali uliozidi, na kukosoa mafundisho yake ni ukali wenye kiasi, kana kwamba ni moto uleule, mmoja umepunguzwa na mwingine umeachwa uwake. Sivyo. Kumhukumu mtu aghalabu ni uvivu. Ni kukimbia kazi ya kuijua hesabu. Tulimwita binti yule bendera kwa sababu hakuna hata mmoja wetu chini ya mwembe ambaye angeweza kueleza kwa nini Kanisa letu huwaombea waliofariki. Tulizoea kufanya, hatukuzoea kueleza.

Mtazameni sasa Bwana wetu pale kisimani Sikari. Wayahudi hawakuchangamana na Wasamaria. Chombo cha Msamaria Myahudi hakukitia mdomoni. Mwanamke anafika adhuhuri na mtungi wake, na neno la kwanza la Bwana ni kumwomba maji. Anaomba kunywa katika mtungi ule ule wa najisi. Baadaye mwanamke anapouliza habari ya dini, watu waabudu wapi, mlimani hapa au Yerusalemu, Bwana hamjibu kwa adabu ya kukwepa, wala hamwambii kwamba dini zote ni sawa. Katika mstari wa 22 anamwambia waziwazi kwamba Wasamaria wanaabudu wasichokijua. Hata maisha yake ya ndoa anayataja, waume watano na huyu wa sasa. Lakini hasemi: wewe mwenye waume watano una haki gani ya kuuliza mambo ya ibada? Sisi tungesema hivyo. Kwa kweli tulisema hivyo, kwa binti mwenye mume mmoja tu aliyekimbia. Bwana analichukua swali lake kama swali, analijibu kama swali, na mwanamke anauacha mtungi kisimani na kukimbia mjini kuwaita watu.

Tumekaa na kufikiri juu ya mtungi ule, kwa sababu sisi watu wa Mkumbara jambo la chombo na chakula tunalijua vema. Mashamba ya mkonge na reli vimeleta hapa watu wa kila namna: Wazigua na Wasambaa wenyeji, Wapare kutoka kule juu ya reli, ambao wengi ni Wasabato tangu misheni yao ilipoanza Upare mwaka 1903, Walutheri wa Usambara, Wakatoliki, na Waislamu ambao ni wengi kuliko sisi sote katika vijiji vingi. Mkristo wa hapa akifanya harusi humwita jirani Mwislamu amchinjie, ili wote wapate kula sufuria moja. Hakuna anayesema kwamba kwa kufanya hivyo ameikana imani yake. Desturi hii msiidharau. Mwezi Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani achinje ulifika kwenye mapanga, na mchungaji mmoja akauawa. Jambo lililowashinda wenzetu kule, huku bado tunalifanya bila hata kulifikiria.

Nao wa umri wetu wanakumbuka mihadhara iliyovuma miaka ya 1980 na 1990. Wahubiri wa Kiislamu walisoma Biblia hadharani ili kuonyesha kwamba Yesu hakuwa Mungu, na wahubiri wa Kikristo wakajibu kwa kusoma Kurani hadharani. Kuna watu wanaosema mihadhara yenyewe ndiyo iliyokuwa dhambi. Sisi hatukubali. Mtu akifungua kitabu chetu na kusema hapa mmesoma vibaya, ametuheshimu kiasi cha kukifungua. Ubaya uliingia pale msemaji alipoona hadhira inacheka, akaacha kitabu akaanza kuwachezea watu wenyewe: Wakristo wanavyokula, Waislamu wanavyooa. Kicheko kina utamu wake, na kinalipa kuliko hoja. Mwaka 1993, mwezi Aprili, mabucha ya nyama ya nguruwe yalishambuliwa huko Dar es Salaam. Hakuna aya iliyojibiwa siku ile, kwa Mwislamu wala kwa Mkristo.

Lakini tusiwatazame Waislamu na mabishano yao na sisi kana kwamba ndani ya Kanisa hakuna. Katika dayosisi yetu wenyewe liko jambo kubwa la namna hii, na vijana wetu hawalijui.

Zamani, nchi hii ya Bonde, Usambara na Uzigua ilikuwa chini ya Dayosisi ya Zanzibar. Askofu wake tangu mwaka 1908 alikuwa Frank Weston, aliyefika Zanzibar mwaka 1898, na kabla ya uaskofu alikuwa mkuu wa chuo cha Kiungani kilichofundisha walimu. Kwa hiyo alikuwa mwenzetu wa chaki. Mwezi Juni 1913 wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana Kikuyu, karibu na Nairobi, katika misheni ya Kanisa la Scotland. Walikuwapo Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri, Wamethodisti, watu wa Africa Inland Mission na wengineo. Shida yao ilikuwa ya kweli: Mwafrika akihama kutoka eneo la misheni moja kwenda la nyingine alikuwa kama aliyehama dini. Wakapanga shirikisho. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliadhimisha Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Wascotland, na wengi wasiokuwa Waanglikana wakapokea. Askofu Willis wa Uganda alikuwa pamoja naye.

Habari zilipofika Zanzibar, Askofu Weston aliwaka. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akitaka maaskofu hao wawili wajibu mashtaka ya uzushi na mafarakano. Akachapisha na barua ya wazi. Kwa Weston halikuwa jambo dogo: kama uaskofu ni kitu alichokiweka Kristo katika Kanisa lake, hauwezi kuwekwa pembeni kwa kuwa una usumbufu katika safari. Askofu Mkuu hakukubali kufungua kesi ya uzushi. Alilipeleka shauri mbele ya baraza la ushauri lililokutana Julai 1914, na majibu yake yakatoka wakati wa Pasaka 1915, vita imekwisha kuanza. Yalipima huku na huku, hata watani wa Uingereza wakasema maana yake ni kwamba ibada ya Kikuyu ilimpendeza Mungu sana, ila isirudiwe kamwe.

Hatuandiki haya ili kumfanya Askofu Weston malaika. Mwaka huohuo wa 1915 alitangaza kwamba hana ushirika na Askofu wa Hereford, Uingereza, kwa sababu amempa cheo padre ambaye maandiko yake Weston aliyaona ni ya upotofu. Wako waliocheka, na kwa maoni yetu walikuwa na sababu. Tena neno "mzushi" hukaa karibu mno na mtu. Ukilirusha kwa fundisho lake humpata yeye. Alikuwa na haki yote ya kusema kwamba tendo lile la Kikuyu ni kosa. Alipotaka ndugu zake wawili wasimamishwe kizimbani, alikuwa anatembea ukingoni mwa shimo.

Lakini tazameni lililofuata. Mwezi Julai 1918 ulifanyika mkutano wa pili hukohuko Kikuyu. Askofu Peel alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1916. Weston alikwenda. Alikaa pamoja na watu wa makanisa yale yale, katika mahali pale pale alipopapinga mbele ya ulimwengu, akaleta mpango wake mwenyewe wa umoja, akieleza kwa nini hawezi kuuacha uaskofu. Hawakuukubali. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Miaka miwili baadaye, katika mkutano wa Lambeth wa 1920 uliokuwa na maaskofu 252, yeye mtu wa mashtaka alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi juu ya ule Wito kwa Wakristo wote, wa kutaka umoja wa Kanisa. Imani yake juu ya uaskofu haikupungua hata nukta. Na mwaka huohuo alitoa kijitabu cha kupinga kazi ya kulazimishwa nchini Kenya, jambo ambalo waraka wa mwaka 1919 uliotiwa sahihi na Askofu Willis na askofu mpya wa Mombasa ulikuwa umelikubali kwa masharti. Kwa hiyo hakuacha kukosoa hata kidogo. Alikosoa na kuketi nao, vyote viwili.

Na kuna jambo jingine tunaloliona tukilinganisha na kikao chetu cha mwembeni. Mashtaka ya Weston yalitaja tendo na fundisho, kwa hiyo yaliweza kujibiwa, na kweli yalijibiwa, watu wakaandikiana kwa miaka. Sisi tulimpa binti yetu kitu gani cha kujibu? Mtu akiambiwa yeye ni bendera fuata upepo, atajibuje? Atasema, mimi si bendera? Tulimfungia mlango, kisha tukamlaumu kwamba haingii.

Askofu Weston alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924. Ilikuwa siku ya kuwakumbuka Marehemu Wote. Ndiyo siku ileile ambayo binti yule anasema ni ya kazi bure.

Sasa hapo tulipo. Baada ya Pasaka halmashauri ya parokia italetewa shauri: je, vijana wetu wachimbe kaburi la jirani yeyote atakayetuita, hata kama ibada itaongozwa na wengine, au wasichimbe? Wako wazee wenzetu wanaosema kuchimba ni kukubali mafundisho yao. Tumewauliza kama wale vijana wanane wa msikitini wamekubali ubatizo. Bado hawajatujibu. Sisi tutapiga kura ya kuchimba, na tunaliandika hapa wazi ili mtu asiseme tulimzunguka.

Kabla ya hapo palikuwa na deni letu wenyewe. Ilituchukua wiki tatu kuvuka reli, na reli yenyewe mnaijua upana wake. Tulimkuta binti yule ukumbini anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akatupa kigoda. Tukamwambia lile neno la bendera lilikuwa letu, na kwamba tulilisema bila kuwa na haki. Akaendelea kupukuchua. Kisha akasema, "Hilo nilikwisha kulisamehe, Mwalimu. Lakini nilichosema mbele ya akina mama ni kweli au si kweli? Mpaka leo hakuna aliyenijibu."

Basi tukamjibu, kwa kuwa safari hii tulikuwa tumeifanya hesabu nyumbani. Tulimwambia kwamba kwa imani yetu amekosea. Katika 2 Timotheo 1:16–18 Mtume Paulo anaiombea rehema nyumba ya Onesiforo, kisha anamwombea Onesiforo mwenyewe apate rehema siku ile ya mwisho. Na mwishoni mwa barua, sura ya 4 mstari wa 19, anaisalimu nyumba yake tu, yeye hamsalimu. Ndiyo maana walimu wengi wa Kanisa wameona kwamba Onesiforo alikuwa amekwisha kufariki. Tukamtajia pia 2 Makabayo sura ya 12, kitabu ambacho Kanisa letu hukisoma kwa mafundisho ya mwenendo ingawa halijengi imani juu yake peke yake, ambamo Yuda anatoa sadaka kwa ajili ya askari wake waliokufa. Tukamweleza kwamba hatumnunulii mtu mbingu kwa misa. Tunamtaja mbele za Mungu kama tulivyomtaja alipokuwa hai, kwa kuwa hatuoni kaburi limepewa wapi uwezo wa kukatiza upendo.

Alisikiliza. Kisha akauliza kuhusu wale wanaotoka kwenye misa ya arobaini, na usiku wakaenda kumwaga pombe kaburini. Na wale wanaokopa mbuzi wa karamu na kuwaacha yatima na deni. Tukanyamaza, maana tunawajua. Wawili walikuwa pamoja nasi chini ya mwembe. Hapo alikuwa na haki, na tulimwambia hivyo.

Lakini nasi tulikuwa na jambo moja la kumrudishia. Tulimwambia kwamba kusema mishumaa ni upagani ni kukosoa, hata kama hatukubali. Kusema kwamba fulani na fulani hawajaokoka si kukosoa tena. Ni kukaa katika kiti ambacho hakukipewa, kama sisi tulivyokikalia. Aliyajua maneno gani ya moyoni mwa mama yake alipopiga magoti?

Mikono yake ikasimama. Akasema, "Nilimwambia hata nyumbani. Siku ileile. Nilimwambia, mama, wewe hujaokoka." Hatukumwambia lolote. Tuliokota magunzi yaliyokuwa yameanguka, tukayatia kapuni, na baada ya muda tukaaga.

Misa ya arobaini ya bibi yetu ilisomwa mwishoni mwa Novemba. Binti hakuingia kanisani, wala hatukutegemea aingie. Alikaa nje, upande wa jikoni, pamoja na masufuria. Ubani ulimfikia, bila shaka, kwa kuwa upepo ulikuwa unatoka milimani. Tulipotoka tulimkuta amekwisha kupanga vikombe, na yule mzee wa msikitini ameketi kwenye mkeka akingoja chai kama sisi sote. Alipofika kwetu na birika akainama akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nimeisoma ile barua kwa Timotheo mara mbili. Imeandikwa mstari wa ngapi kwamba Onesiforo alikuwa amekufa?"

Tulimwambia haikuandikwa, kwamba watu wamelielewa hivyo tu kutokana na salamu zile, na kwamba tutakwenda kumwuliza Padre tumrudie na jibu lililo bora kuliko hilo. Akatujazia kikombe.